Tumbo Lililokataa Kurudi

Baada ya kuzaa mapacha wangu, tumbo langu halikurudi. Nalisema hapa hapa mwanzoni ili nisije nikazunguka, maana kwa miaka mingi nilikuwa bingwa wa kulizunguka jambo hili. Wanawake wengine wa Baraka, mji wetu kando ya ziwa, walizaa, wakapumzika, na mihogo ilipokuwa tayari kung'olewa walionekana shambani wamejifunga kitenge kiunoni, wembamba kama zamani. Mimi nilizaa wasichana wawili wazima wenye sauti kubwa, nikabaki na tumbo la mtu anayemsubiri wa tatu.

Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Lubondja kuja kunitunza. Kila asubuhi alinifunga tumbo kwa kitambaa kirefu, akiweka goti lake mgongoni mwangu ili avute vizuri, na alikuwa na mikono ya mtu aliyetwanga mihogo maisha yake yote. Nilivumilia. Lakini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mkuu wa shule hakuwa mtu wa kusubiri. Niliporudi darasani joto lilikuwa kali, kitambaa kiliniwasha, na siku moja nikakifungua nyuma ya ubao na kukitia kwenye kikapu. Sikukifunga tena.

Kwa hiyo tumbo lilipokataa kurudi, kila mtu alijua sababu. Mwalimu alifungua kitambaa. Mwalimu anajiona mzungu. Mama mkwe hakunigombeza. Alitikisa kichwa tu na kurudi kwake, na hilo liliniuma kuliko ugomvi. Mimi mwenyewe niliamini nimejiharibu kwa uvivu wangu.

Ngozi ya tumbo ilikuwa nyeusi kuliko mwili wote, imejaa michirizi, na nilipoinama kufagia iliinama nami ikachelewa kuinuka. Kitovu, ambacho tangu utoto wangu kilikuwa kimejificha ndani kwa adabu, kilitoka nje na kukaa hapo kama kidole gumba. Nilipokohoa kilitokeza zaidi. Mwanamke mmoja wa Bibokoboko aliyekuwa akituletea maziwa alinitazama, akainua mikono juu kwa furaha na kusema, "Mama, Mungu amekukumbuka tena mbio hivi!" Nilimshukuru. Nilinunua maziwa kuliko nilivyohitaji ili aondoke upesi.

Mume wangu alikuwa fundi wa mota za mitumbwi, mtu wa maneno machache, mwenye mafuta meusi yasiyotoka kwenye kucha. Hakuwahi kusema lolote juu ya tumbo langu, na mimi sikumpa nafasi ya kusema. Nilizima taa kabla ya kuvua nguo. Nililala na kitenge. Alipoweka mkono wake pale nilikuwa naushika na kuuhamishia begani, kwa upole, kana kwamba ni bega langu lililomhitaji. Baadaye mkono ulijifunza kwenda begani wenyewe.

Sasa nije kwenye ngoma. Wakati ule kila aliyelipwa na serikali alikuwa mchezaji, apende asipende. Walimu, wauguzi, makarani, wote tulikuwa kwenye animasio, tukiimba sifa za Chama na za Rais kila mkubwa alipopita. Watu leo wanasimulia kana kwamba wote walichukia. Mimi sikuchukia. Nilikuwa mrefu, viuno vyangu vilinitii, na kabla ya kuzaa nilikuwa mstari wa mbele, katikati. Nilipenda kutazamwa, na hilo nalo linanitia haya ninapoliandika.

Mapacha walipokuwa wameanza kutambaa, tulitangaziwa kwamba mkubwa fulani atakuja kutoka Uvira. Tukagawiwa vitenge vipya vyenye picha ya Rais, uso mpana kama sinia, na ile kofia yake ya ngozi ya chui. Kiongozi wa kikundi chetu, mama mnene mwenye filimbi shingoni, alikuwa na sheria moja ambayo hakuiacha hata ungempa nini. "Hakuna muntu atamukalia Mzee!" alipiga kelele. "Sura mbele! Nikiona muntu ameweka sura nyuma, atanijua!" Kwa hiyo wanawake wote tulijifunga hivyo, Rais mbele, juu ya tumbo.

Kwa wenzangu hakukuwa na shida. Uso ulisimama wima, na heshima yake. Kwangu paji la uso lilitokeza mbele, mashavu yakapanuka, na kidevu kikazama ndani ya mkunjo wa chini. Nikisimama, Rais alitazama ardhi kama mtu aliyeangusha kitu. Nikitembea, alitafuna. Nilijitazama kwenye kioo cha jirani nikaenda moja kwa moja kwa kiongozi kumwomba aniweke nyuma.

"Mwalimu, we njo murefu," alinijibu. "Ukienda nyuma, mbele itabaki na bafupi tu. Mukubwa atasema Baraka hakuna bantu."

Ningemwambia sababu. Alikuwa mwanamke, amezaa, angeelewa. Lakini kumwambia kungekuwa kulitaja tumbo kwa mdomo wangu, na hilo nilikuwa sijawahi kulifanya kwa mtu yeyote. Nikarudi mahali pangu, mbele, katikati.

Siku ilipofika, uwanja karibu na soko ulijaa. Wachoma samaki walikuja na moshi wao, wavuvi walikuja, askari walisimama kwenye kivuli. Mkubwa alikaa katikati ya viti, amevaa abakosti ya kijivu, ile suti ya Chama isiyo na tai. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole, nikajitahidi kuvuta tumbo ndani na kucheza kwa mabega. Wimbo wa pili ulikuwa wa kasi. Filimbi ililia, tukatakiwa kuruka, nikaruka. Tumbo nalo likaruka, kwa wakati wake.

Mwanamke mmoja upande wa wachoma samaki alipaza sauti. "Muangalie! Mzee ameshiba!"

Mwingine akamjibu, "Apana, Mzee iko na mimba!"

Kicheko kilitoka upande ule kikazunguka uwanja wote. Kilikuwa kicheko chenye woga ndani yake, na cha namna hiyo hakizimiki upesi, maana kila mtu anajizuia na kujizuia kunazidi kumchekesha. Niliona wenzangu mstarini wanauma midomo. Niliendelea kucheza kwa sababu sikujua namna ya kuacha. Mkubwa hakucheka. Alimwinamia mtu aliyekaa pembeni yake, na yule mtu akanitazama, si usoni.

Mchezo ulipoisha niliitwa kwenye biro, ofisi ya Chama. Wanaume wawili walikuwa nyuma ya meza, mmoja wao kijana niliyekuwa nimemfundisha mdogo wake kusoma. Watu walijazana mlangoni.

"Sitoyeni," alisema mkubwa wa yule kijana, maana siku zile tulilazimika kuitana hivyo, raia, "umeweka nini mu kitenge?"

"Sikuweka kitu."

"Nani alikutuma? Umeweka nguo ndani juu ya kuchekesha bantu na sura ya Rais. Sema tu."

"Hakuna muntu alinituma. Hakuna nguo."

Alinitazama tena, akapunguza sauti kidogo. "Basi uko na mimba?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, na wangeniachia, labda wangenipa hata kiti. Mwanamke mjamzito nani angemsumbua? Lakini nilifikiria miezi inayokuja, na watu hawa hawa wakiniuliza mtoto yuko wapi, nikajua siwezi.

"Apana," nilisema. "Ni tumbo tu."

"Tumbo ya nini?"

"Tumbo yangu."

Kijana akatazama chini. Mkubwa wake hakuridhika, au labda aliona haya kuamini. Akaagiza aitwe mkunga wa materniti, hospitali ya wazazi. Nilisimama nikimsubiri, jasho likinitiririka mgongoni, na Rais mbele yangu ametazama sakafu.

Mkunga alinipeleka kwenye chumba cha nyuma walimoweka ngoma na bendera. Alitandika mkeka, akaniambia nilale, akanifungua. Ndiye aliyewapokea mapacha wangu, lakini tangu siku ile hakuwa ameliona tumbo langu. Aliniagiza ninyanyue kichwa bila kushika chini. Nikanyanyua. Katikati ya tumbo, kutoka kifuani hadi chini ya kitovu, kitu kiliinuka kama paa la nyumba. Akaweka vidole vyake pale, vikazama. Hakucheka wala hakusema pole. Alinifunga kitenge vizuri, akageuza uso wa Rais ukaenda pembeni, tukatoka.

Akasema kwa sauti, mbele ya meza na mbele ya watu wote mlangoni, "Hakuna nguo, hakuna mimba. Ni tumbo ya kuzala mapasa. Ndani ilifunguka, haikufungana tena. Mumuachilie aende kwake."

Alitaka kuniokoa, na aliniokoa kweli. Lakini kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia, na jirani alikuwa amesimama kwenye ua wake akinitazama kwa huruma. Nakiri kwamba njia nzima nilitamani mkunga angesema ni nguo. Mtu aliyefungwa kwa siasa ana hadithi ya kusimulia. Mimi nilikuwa na tumbo.

Mume wangu alikuwa kwa wavuvi upande wa rasi akirekebisha mota siku ile, na aliporudi alikuwa amekwisha kusikia. Alikaa, akala bugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, akanawa mikono. Kisha akasema, "Nilisikia balikusumbua." Nikasema ni mambo ya Chama, yamekwisha. Akasema vizuri. Nikaondoa sahani.

Mkunga alikuja nyumbani siku chache baadaye, mume wangu akiwa kazini. Alinieleza kwamba misuli ya tumbo ni pande mbili zinazokutana katikati, na kwamba watoto wawili walizisukuma hadi zikaachana. Kitovu kilichotoka ni ngiri. "Haikufunguka juu ya kitambaa," alisema. "Kuko bamama banajifunga miezi na inabakia vile. Usijisumbue na ile." Alinionyesha namna ya kuinuka kitandani kwa kugeukia ubavu kwanza, na kuvuta pumzi huku nikiikaza misuli ya chini ya tumbo. Akanikataza kubeba ndoo kubwa za maji. Kisha akasema, "Kuko docta mugeni ku hospitali ya bamisionari kule juu. Anashonaka. Uende akuone."

Nilipaswa kufurahi kwamba kosa si langu. Sikufurahi. Kwa muda wote ule nilikuwa nimeshikilia lile kosa la kitambaa, kwa sababu lilinipa kitu cha kujilaumia, na sasa nilikuwa na mwili tu.

Nilikwenda. Nilimwambia mume wangu nina maumivu ya mgongo, jambo ambalo lilikuwa kweli pia. Kwenye lori la kupanda Fizi dereva alinitazama akamshusha mwanaume mmoja kutoka kiti cha mbele. "Mama ya mimba akae huku," alisema. Nilipanda. Wazee walikaa juu na mbuzi na vumbi, mimi nimekaa kwenye kiti laini, nimeshika tumbo kwa mikono miwili kama wajawazito wanavyoshika. Kwenye kizuizi askari walitupungia tupite bila kutushusha, kwa ajili yangu. Dereva alifurahi akaniombea nizae salama.

Daktari alikuwa mzee mwenye miwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kila neno mahali pake. Alinitaka ninyanyue kichwa kama mkunga alivyofanya, akapima kwa vidole, akanitaka nikohoe. Halafu akakaa na kunieleza kana kwamba nilikuwa mtu mwenye haki ya kuelewa, na hilo lilinishangaza.

Ngiri anaweza kuishona, alisema, na akiwa hapo hapo anaweza kuivuta misuli na kuiunganisha katikati. Mgongo utapata nafuu. Ngozi itabaki ikining'inia. Nikamuuliza, nikitazama ukuta, kama hiyo nayo haiwezi kukatwa. Alisema huko Ulaya wako wanaofanya, na hata Kinshasa kwa wake za wakubwa. Wanakata kutoka nyonga hadi nyonga, wanaivuta ngozi chini, wanatoa iliyozidi na kukihamisha kitovu. Ni upasuaji mrefu, kidonda ni kikubwa, damu hupotea, na hapa hatuna damu ya kumwongezea mtu. Hawezi kumlaza mama wa watoto wachanga mezani kwa ajili ya ngozi. Alisema bila dharau. Lakini nilisikia "kwa ajili ya ngozi" nikahisi uso unawaka, kwa sababu ni kweli nilikuwa nimekuja kwa ajili ya ngozi. Mgongo ulikuwa kisingizio.

"Na ukishika mimba nyingine," aliendelea, "nilichoshona kinaweza kufunguka. Kwa hiyo lazima mjue kama mnataka watoto zaidi. Rudi na mume wako. Tuongee sote watatu, akubali, nami nitakupangia siku."

Wakati ule mke hakupasuliwa bila neno la mume, na daktari hakuwa ametunga sheria hiyo yeye. Nilimshukuru. Nikatoka nikijua sitarudi.

Maana fikiria mwenyewe jinsi ambavyo ingekuwa. Mimi nimelala kwenye kitanda kile, mchana kweupe, dirisha liko wazi, daktari anashika tumbo langu na kusema hapa, na hapa, na mume wangu amesimama pale na kofia mkononi anatazama kitu nilichomficha tangu watoto walipozaliwa. Ili tumbo liondoke ilikuwa lazima kwanza mume wangu alione. Bei ilikuwa hiyo, na ilinishinda.

"Docta alisema nini?" mume wangu aliniuliza.

"Mugongo tu. Nisibebe vizito."

"Nikusindikize siku ingine?"

"Apana. Hakuna kitu."

Akarudi kwenye mota yake iliyolala vipande vipande kwenye gunia. Nadhani alijua. Nadhani alikuwa akisubiri nimwambie, na mimi nilikuwa nikisubiri aache kusubiri, na sote wawili tulikuwa wavumilivu sana.

Nikapata njia zangu. Kwenye karakana yake nilichukua mpira wa ndani wa gurudumu la lori, nikaukata mkanda mpana na kujibana nao chini ya nguo. Ulinibana kweli. Nilitembea wima, watu wakasema mwalimu amepona. Lakini jasho lilikaa chini yake, ngozi ikachubuka ikatoa harufu, na darasani nilikuwa sisogei karibu na wanafunzi. Nilizaa wengine wawili, tumbo likashuka zaidi, nikauacha mpira na kuanza kushona magauni mapana. Sikucheza tena. Kuoga nilioga kabla hapajakucha, kwenye ua, peke yangu. Wanawake wa kwetu huoga ziwani pamoja, wanasuguana migongo na kusengenya, na kwa miaka yote ile nilisikia vicheko vyao nikiwa upande wa pili wa matete, ndoo mkononi.

Hata mabinti zangu hawakuniona. Hao hasa. Niliwalea mapacha wale kwa mkono wangu, nikawaogesha, nikawasuka, nikawaeleza kila kitu msichana anachopaswa kuelezwa, na hawakuwahi kuona mwili wangu kati ya kifua na magoti. Niliona ni adabu, na watu walinisifu. Kile kicheko cha uwanjani walikuwa wadogo mno kukikumbuka, hakuna aliyewasimulia, na chini ya magauni mapana hawakuona kitu.

Mmoja wao aliolewa Lubondja. Alipozaa mtoto wake wa kwanza, tulikwenda kumtunza, mimi na pacha mwenzake. Nilimkuta amekaa kwenye kona ya chumba, mtoto amelala vizuri, maziwa yapo, lakini yeye hali na hasemi. Nilipotaka kumwosha alishika gauni lake kwa mikono miwili. Niliifahamu mikono ile. Ilikuwa inashika kama yangu.

"Mwanangu, ni nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Nilikaa chini karibu naye. Nikasubiri, na safari hii nilijua ninachosubiri. Mwishowe alianza kulia, bila sauti, akitazama mlango asije akasikika.

"Mi nimeharibika, mama. Tumbo yangu imekufa. We hauwezi kuelewa. We ulizala siye bawili mara moja, na yako ikarudi muzuri. Nilizala mumoja tu, na angalia. Niko na kasoro gani?"

Nikafungua mdomo nimwambie kwamba ni jambo la kawaida, kwamba wengi wako hivyo. Maneno yapo, mkunga alinipa. Lakini nilijua atanijibu nini, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa ushahidi dhidi yake. Tangu azaliwe alikuwa amemtazama mama aliyezaa mapacha na hakubadilika. Nilikuwa nimejificha ili nisionewe huruma, na huko mafichoni nilikuwa nimemshonea mtoto wangu aibu ya kuvaa.

Nikasimama. Nilikuwa mwanamke mzima, bibi sasa. Nikapandisha gauni hadi kifuani na kukifungua kitenge cha ndani.

Alitazama. Alitazama michirizi, mkunjo, kitovu kilichokuwa kimekua kama ngumi. Machozi yalikuwa bado mashavuni lakini yalikuwa yamesimama. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Njo siye tulikufanya hivi?"

Swali hilo, kama ni wao walionifanya hivi, ndilo nililokuwa nikilikimbia muda wote. Nilikuwa nimeandaa uongo kwa ajili yake tangu wakiwa wadogo.

"Ndiyo," nilisema. "Njo nyinyi."

Akanyoosha mkono akaweka kiganja chake juu ya tumbo langu, na sikukihamisha. Halafu, kabla sijamzuia, akageuza kichwa akaita kwa nguvu mwenzake aliyekuwa uani akipika sombe, majani ya mihogo.

"Kuya! Kuya uone mama!"

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini na nyayo zikija. Nilikuwa nimeshika ncha mbili za kitenge, na vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kuanza kufunga fundo. Nikaziacha ncha zote mbili, kitenge kikabaki wazi.